Betri Mbili kwa Baiskeli Moja

Uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi kwa vipindi virefu, hususan kati ya mwaka 2022 na 2025, uliwafundisha wakazi wa Bujumbura njia nyingi za kufika waendako. Mojawapo ni baiskeli iendayo kwa nguvu za umeme. Baiskeli hiyo haina haja na foleni ya kituo cha petroli. Hudai betri yenye chaji, basi. Lakini betri moja haitoshi kwa kila safari, na haupiti muda mrefu kabla mwenye baiskeli hajaanza kuwaza kuongeza ya pili. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, na baadhi ya makosa hayo huingia hadi chumba wanamolala watoto.

Polisi mmoja akaaye Kinama, kaskazini ya jiji, alikuwa na zamu Gatumba. Safari yake, kwa njia ya Chanic na kuvuka daraja la Rusizi, ilikuwa kama kilomita 15 kwenda na nyingine 15 kurudi. Baiskeli yake ilikuwa na betri ya volti 48 na ampea-saa 12. Namba hizo mbili zikizidishwa hutoa wati-saa 576, nacho ndicho kipimo cha nguvu iliyowekwa akiba ndani ya betri. Katika barabara tambarare kama ile, baiskeli ya namna hiyo hutumia takriban wati-saa 15 kwa kila kilomita. Betri ilipokuwa mpya ilimpeleka na kumrudisha. Baada ya miaka miwili ilichoka, ikawa inamwacha njiani kabla hajafika Chanic, naye akamalizia safari kwa kukanyaga pedeli za chombo chenye uzito wa kilo 30, usiku, akiwa ndani ya sare.

Akanunua betri ya pili. Kibandiko chake kilisema volti 48, ampea-saa 15, na ilikuja na chaja yake. Fundi wa kwanza aliyemwendea alitazama vibandiko vyote viwili akaridhika. "Afande, namba ni zile zile," alisema. "Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, utafika mpaka Uvira." Waya wa mwisho ulipogusana na mwenziwe iliruka cheche kubwa yenye mlio, mfano wa ile ya mashine ya kulehemu. Fundi akacheka, akasema betri zimesalimiana.

Ile haikuwa salamu. Ilikuwa onyo la kwanza, na yafaa lielezwe kwa urefu kidogo.

Betri mbili zilizounganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ni mfano wa madumu mawili ya maji yaliyounganishwa chini kwa mpira. Maji yakiwa na kimo kimoja katika madumu yote mawili, mpira hutulia. Dumu moja likiwa limejaa na jingine karibu tupu, maji hukimbilia upande wenye upungufu mpaka vimo vilingane. Kwa betri, kimo ni volti. Siku ile betri ya zamani ilikuwa imekwisha chaji, ikisoma volti 46 hivi. Ile mpya ilisoma 53. Tofauti ni volti 7. Ukinzani wa betri zote mbili pamoja na nyaya zao, ukikadiriwa kuwa omu 0.2, huruhusu ampea 35 zipite mara moja. Chaja ya baiskeli hutoa ampea 2 au 3 tu. Kwa maneno mengine, betri ya zamani ilijazwa kwa kasi ya zaidi ya mara kumi ya kiasi ilichozoea, bila chaja yoyote kuwapo.

Cheche ndogo inayotokea betri inapounganishwa na kontrola ya baiskeli ni jambo jingine. Hiyo hutokana na kapasita zilizomo ndani ya kontrola, ambazo hujaa kwa ghafla. Haina hatari kubwa, ijapokuwa hula ncha za plagi polepole. Cheche ya kuogopwa ni ile ya betri na betri.

Siku kadhaa zilipita salama. Kisha baiskeli ikaanza tabia. Mara ilizimika ghafla katika kuupanda mlango wa daraja, ikawaka tena baada ya dakika chache. Mara kipimo cha chaji kilionyesha imejaa, na kilomita tatu mbele kikaonyesha haina kitu. Polisi yule alidhani mota imeharibika. Mkewe, ambaye huuza maandazi sokoni na huweka daftari la kila faranga, alidhani vingine. Yeye alikuwa akiandika saa ya kuchomeka chaja na saa ya kuichomoa, kwa sababu umeme wa nyumba yao hulipiwa kabla ya kutumiwa na alitaka kujua baiskeli inakula kiasi gani. Daftari lilionyesha jambo ambalo halikumtia mtu wasiwasi wakati ule: kila usiku umeme ulikatika mtaani kabla betri hazijajaa. Taa nyekundu ya chaja haikuwahi hata mara moja kugeuka kijani.

Usiku mmoja umeme haukukatika. Mume alikuwa zamuni. Baiskeli ilikuwa sebuleni, chaja ya betri mpya ikiwa imechomekwa tangu saa mbili za usiku, na betri mbili zikiwa zimeunganishwa kama kawaida. Karibu saa tisa mama yule aliamshwa na harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Akagusa betri: ile mpya ilikuwa vuguvugu, ile ya zamani ilikuwa ya moto kiasi cha kutoweza kuishika, na kasha lake limevimba upande mmoja. Alichomoa chaja ukutani, akawatoa watoto watatu nje kwa mlango wa nyuma, akarudi akaikokota baiskeli kwa usukani mpaka katikati ya ua, mbali na ukuta na mbali na paa. Akaketi na watoto kizingitini kwa jirani mpaka kukapambazuka.

Betri ile haikuwaka. Lakini isidhaniwe kwamba ilikuwa desturi njema kurudi ndani. Betri ya lithiamu inayotoa moshi au mlio wa kufoka haisogezwi na mtu; watu hutoka, mlango hufungwa, na wazima moto huitwa. Moshi wake ni sumu. Mchanga hauuzimi moto wake upesi, kwa kuwa joto hutengenezwa ndani ya seli zenyewe. Kinachosaidia ni maji mengi, tena kwa muda mrefu, baada ya umeme wa ukutani kukatwa, ili kuzipoza seli ambazo hazijashika. Bujumbura haina haja ya kufundishwa moto hufanya nini. Soko lake kuu liliteketea tarehe 27 Januari 2013 na mali ya familia nyingi ikaenda nalo.

Asubuhi mume aliporudi, mkewe hakumlaumu. Alimwambia, "Baba watoto, kitu hiki hakirudi ndani mpaka mtu mwenye kipimio atuambie kina nini." Kikapelekwa Buyenzi kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi kwa kutengeneza redio. Yeye hakutazama vibandiko. Alizitenganisha betri, akafungua makasha yote mawili, akahesabu seli.

Ya zamani ilikuwa na seli 13 za lithiamu ya kawaida, zilizopangwa kwa mfuatano. Seli ya aina hiyo hujaa ifikapo volti 4.2, hivyo betri nzima hujaa kwa volti 54.6. Ile mpya ilikuwa na seli 16 za lithiamu yenye fosfati ya chuma, na kila seli hujazwa hadi volti 3.65, yaani volti 58.4 kwa betri nzima. Zote mbili huuzwa kwa jina la volti 48, kwa kuwa wauzaji hupenda namba zilizozoeleka. Jina ni moja. Vimo vya kujaa ni viwili.

Pana na jambo la pili lililokuwa limefichika zaidi. Ndani ya kila betri ya lithiamu mna bodi ndogo ya ulinzi, ambayo mafundi huiita BMS. Kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi, isimalizwe kupita kiasi, wala isitoe umeme mwingi mno kwa mara moja. Katika betri nyingi za baiskeli bodi hiyo ina milango miwili: mmoja wa kuingizia chaji na mwingine wa kutolea umeme kwenda kwa mota. Mlinzi wa kuzuia kujazwa kupita kiasi amewekwa kwenye mlango wa kuingilia. Fundi wa kwanza aliunganisha betri kwa milango ya kutokea. Basi chaja ya volti 58.4 ilipochomekwa kwenye betri mpya, umeme ulipita ndani yake, ukaingia katika betri ya zamani kwa mlango wa nyuma, ambako hakuna mlinzi.

Na kwa nini isitokee tangu siku ya kwanza? Kwa sababu betri ya fosfati ya chuma hukaa kwenye volti 53 au 54 kwa sehemu kubwa ya muda wa kuchajiwa, na hupanda hadi 58 mwishoni kabisa. Kila usiku umeme ulipokatika kabla ya mwisho, volti zilikuwa bado hazijavuka mpaka wa betri ya zamani. Yule mzee alilipindua daftari la mama ukurasa kwa ukurasa, akasema kwamba kukatika kwa umeme, ambako mtaa mzima ulikuwa ukikulalamikia, ndiko kulikoilinda nyumba ile.

Katika benchi la mzee huyo hufika hitilafu nyingine za namna hii kila wiki, na karibu zote hutafutwa mahali pasipo pake. Baiskeli inayozimika mlimani na kuwaka tena hudhaniwa kuwa na mota mbovu. Yeye huanza na viungio. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.1, kikipitisha ampea 20, hupoteza volti 2 na kutoa joto la wati 40, sawa na chuma cha kulehemia cha fundi redio. Kwa hiyo huendesha baiskeli kidogo, akasimama, akagusa viungio kwa kidole. Chenye moto ndicho chenye kosa. Vikiwa baridi vyote, huweka kipimio kwenye betri huku gurudumu likizuiwa kwa breki na mota ikivuta kwa nukta moja au mbili. Betri nzima hushuka kwa volti chache. Betri inayoanguka kutoka 52 hadi 41 ina seli zilizochoka, na bodi yake ya ulinzi huzima kila kitu kwa haki. Kuunganisha betri nzima na betri ya namna hiyo ni kumfunga nira ng'ombe mwenye nguvu pamoja na mgonjwa.

Wengine huja na malalamiko kwamba betri ya pili haitumiki kabisa: hurudi imejaa kila siku. Mara nyingi fyuzi yake imekatika, au kufuli yake haikuzungushwa, au bodi yake imelala usingizi baada ya kuzidiwa na mzigo. Bodi iliyolala baadhi yake huamka ikitenganishwa na kontrola, baadhi huhitaji kuchomekwa chaja yake kwa muda mfupi. Ikiwa betri zimeunganishwa kwa dayodi, yaani vali za umeme zinazoruhusu upande mmoja tu, basi hapana kosa lolote. Betri yenye volti za juu hutumika kwanza, na ya pili huingia kazini vimo vikishalingana. Dayodi ni dawa nzuri ya umeme kukimbia kutoka betri hadi betri, ila huchukua kama nusu volti; kwa ampea 20 huo ni moto wa wati 10, nazo zisipofungwa kwenye bati la kupozea huungua. Tena baiskeli ambayo mota yake hurudisha umeme inapopigwa breki haitaweza kuurudisha kupitia dayodi.

Betri zinazomalizika zenyewe usiku huchunguzwa kwa kutenganishwa. Zipimwe jioni, zilale mbalimbali, zipimwe asubuhi. Iliyoshuka ndiyo mgonjwa. Zisiposhuka zote mbili, mnywaji ni kontrola au taa iliyosahauliwa.

Kosa lisilosameheka ni la kuunganisha kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Hapo volti hujumlishwa: betri mbili zilizojaa volti 54.6 kila moja hutoa 109.2. Kapasita za kontrola nyingi za volti 48 zimetengenezwa kustahimili 63. Hupasuka kwa kishindo, na baada ya hapo hapana cha kuchunguza.

Kwa njia ya Gatumba lipo na suala la maji. Ziwa Tanganyika na mto Rusizi vilipofurika katika miaka ya 2020 hadi 2024, maji yaliingia nyumba na barabara za huko. Betri ya pili mara nyingi hufungwa chini, kwenye fremu au kando ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo betri ya kwanza isingewekwa. Maji yakiingia kwenye kasha, nje hukauka kwa siku moja, lakini kutu ya kijani huendelea kula bodi ya ulinzi kwa majuma. Betri iliyozama haichajiwi hata ikionekana kupona.

Wako wasomaji walio vituoni huko juu, Muramvya na kwingineko, watakaosema kwamba wao hawana hiari, betri moja haiwafikishi. Hesabu iko upande wao. Kutoka Bujumbura hadi Bugarama barabara hupanda zaidi ya mita 1,300. Baiskeli, mtu na mzigo vyenye jumla ya kilo 110 huhitaji wati-saa 390 kwa kuinuliwa tu kimo hicho. Mota na kontrola hupoteza kama robo ya umeme zinaopewa, kwa hiyo betri itatoa wati-saa 520 kabla ya kuhesabiwa msuguano wa barabara na upepo. Betri ya wati-saa 576 itafika imekwisha, au haitafika. Vijana wabebao ndizi kwa baiskeli za kawaida, ambao hupanda mlima ule kwa kushikilia nyuma ya malori na kuhatarisha roho zao, wanaujua uzito huo bila kipimio. Kwa safari hiyo betri ya pili ina maana. Hata hivyo si lazima iunganishwe. Inaweza kubebwa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, ncha zake zikiwa zimefunikwa, ikabadilishwa kwa mkono ya kwanza ikiisha. Kazi hiyo huchukua dakika mbili, nayo humpa dereva nafasi ya kuipoza mota, ambayo katika mwendo wa polepole wa mlimani hupata joto jingi.

Asiyetaka kubadilisha kwa mkono, yule mzee humwekea masharti. Betri ziwe za aina moja ya seli na hesabu moja ya seli, na zisiachane mno kwa umri. Zipimwe kabla ya kuunganishwa, na tofauti isizidi nusu volti. Kila betri iwe na fyuzi yake karibu na ncha ya chanya. Kwa kontrola ya ampea 20, fyuzi ya 30 yatosha. Zikichajiwa, zitenganishwe, kila moja kwa chaja yake, mahali ambapo mtu yu macho. Masharti hayo humpotezea wateja, naye halalamiki.

Betri ya zamani ya polisi wa Kinama hakukubali kuirudisha. Seli zilizojazwa kupita kiasi hata zikipoa huwa zimeharibika ndani, na huweza kushika moto siku nyingine. Aliiweka nje ya kibanda, ndani ya ndoo ya bati yenye mchanga, pembeni na kila kitu kinachoungua. Kisha akauliza safari ya Gatumba ni kilomita ngapi. Akajibiwa thelathini, kwenda na kurudi.

Mzee akachukua kalamu ya mama, akaandika katika daftari lake. Betri mpya, kwa volti zake za kweli 51.2 na ampea-saa 15, ilikuwa na wati-saa 768. Ikigawanywa kwa 15, ni kilomita 51.

"Afande," alisema, "nani alikwambia uziunganishe?"

Baiskeli iliondoka Buyenzi na betri moja. Kipimo cha chaji kwenye usukani bado hudanganya, kwa kuwa kilitengenezwa kwa seli za aina nyingine na huonyesha imejaa mpaka karibu na mwisho. Hivyo mume huhesabu kilomita, na mkewe huziandika. Chaja huchomekwa jioni, nje chini ya upenu, wakati maandazi ya kesho yanaumuka. Ukurasa wa wiki iliyofuata unaonyesha kilomita 30 kila siku ya zamu, na taa kugeuka kijani baada ya muda wa saa tatu, kabla ya watoto kwenda kulala.